Pirosmani: Mwandishi wa mabango aliyefariki fukara huku picha zake zikisifiwa

KATIKA nchi ya Georgia, kusini mwa milima ya Caucasus, ni vigumu kumpata mchoraji anayeenziwa kumshinda Niko Pirosmani. Uso wake ulichapishwa kwenye noti ya lari 1, maisha yake yalitengenezewa filamu mnamo 1969, na picha zake ni miongoni mwa hazina za makavazi ya taifa mjini Tbilisi.

Alipokuwa hai, hata hivyo, wengi hawakumwita msanii. Alikuwa fundi wa kawaida. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya maduka na vilabu vya mvinyo, kupaka kuta rangi na kuchora chochote ambacho mwenye kilabu alimwagiza. Malipo yake mara nyingi yalikuwa bakuli la supu, kipande cha mkate, kileo na mahali pa kulaza ubavu.

Kisa chake kimesimuliwa mara nyingi, na toleo linalopendwa zaidi ni lile la mapenzi na maua. Kwa maoni ya mwandishi huyu, toleo hilo ndilo lenye ukweli haba. Yaliyomwangusha Pirosmani yalikuwa mambo ya kawaida zaidi: ukosefu wa kazi, malipo duni na kejeli moja iliyochapishwa gazetini.

Jina lake kamili lilikuwa Nikoloz Pirosmanashvili. Alizaliwa mwaka wa 1862 katika kijiji cha Mirzaani, eneo la Kakheti, mashariki mwa Georgia. Enzi hizo nchi hiyo ilikuwa chini ya himaya ya Urusi. Wazazi wake walikuwa wakulima wa hali ya chini waliotegemea mizabibu na mifugo michache.

Alibaki yatima angali mtoto. Familia moja tajiri ya Waarmenia, iliyojulikana kwa jina la Kalantarov, ilimchukua na kumlea katika jiji la Tiflis, kama Tbilisi ilivyoitwa wakati huo.

Katika nyumba hiyo alijifunza kusoma na kuandika kwa Kigeorgia na kwa Kirusi. Hakuwahi kuingia chuo chochote cha sanaa. Lakini elimu hiyo ya herufi za aina mbili, kila moja ikiwa na umbo lake lisilofanana na la mwenziwe, ndiyo iliyokuja kumpa riziki.

Mnamo 1882, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alishirikiana na mchoraji mwenzake, Gigo Zaziashvili, kufungua karakana ya kutengeneza mabango ya maduka. Biashara hiyo haikudumu.

Mwaka wa 1890 aliajiriwa na shirika la reli kama kondakta wa magari ya mizigo. Kazi hiyo ilimchosha mwili, na mnamo 1894 aliiacha. Baadaye alichora gari moshi la Kakheti likipita usiku, shehena ya mvinyo ikiwa kando ya reli, na mtu akiitazama picha hiyo hawezi kukosa kuhisi kwamba aliyeichora aliwahi kukesha njiani.

Baada ya hapo aliingia katika biashara ya maziwa pamoja na mshirika wake, Dimitri Alugishvili. Duka lao lilistawi kwa muda. Pirosmani mwenyewe ndiye aliyelichorea bango la ng'ombe. Aliwahi hata kujenga nyumba ya bati kijijini kwao Mirzaani na kuwaandalia wanakijiji karamu.

Ila moyo wake haukuwa katika hesabu za maziwa na siagi. Mara angeondoka dukani bila kuaga, mara angegawa bidhaa bure. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 alikuwa ameshajitoa, akawa mtu wa kuzunguka na kisanduku cha rangi mkononi akitafuta vibarua.

Ili kuielewa kazi yake, yafaa msomaji aifikirie Tiflis ya miaka hiyo. Lilikuwa jiji la Wageorgia, Waarmenia, Warusi, Waajemi na Waturuki, wote wakibanana katika mitaa ya mteremko pembezoni mwa mto Mtkvari. Si kila mnunuzi aliyejua kusoma, na waliojua hawakusoma lugha moja.

Kwa hivyo bango zuri lilipaswa kusema jambo lilelile mara tatu: kwa herufi za Kigeorgia, kwa herufi za Kirusi na kwa picha. Samaki, mshikaki, chupa, figili na mkate vilimwambia mpita njia asiyejua kusoma kwamba hapa ndipo penye chakula. Vilabu vya mvinyo, ambavyo wenyeji waliviita dukhan, vilikuwa vingi ajabu, na kila mwenye kilabu alitaka cha kwake kiwapite vya jirani.

Hii ndiyo iliyokuwa shule ya Pirosmani. Mwandishi wa mabango hana nafasi ya kubabaisha. Umbo lazima lionekane kutoka ng'ambo ya barabara, rangi ziwe chache, na kitu muhimu kiwekwe katikati kikimtazama mteja ana kwa ana. Ukiziangalia picha zake kubwa, zile ambazo leo zinatundikwa katika kumbi za Ulaya, utaona kwamba kanuni hizo hakuziacha kamwe. Wakuu wanaokula karamu wamekaa mbele yako wima, kana kwamba wao pia ni bango.

Isitoshe, maandishi hayakuishia kwenye mabango. Aliyaingiza ndani ya picha zenyewe. Picha yake ya milionea asiye na watoto na maskini mwenye watoto ina maelezo aliyoyaandika kwa mkono wake, na si hiyo tu. Kirusi chake kilikuwa na makosa ya tahajia yaliyowachekesha wasomi wa mjini. Mafundi wa aina yake walizoea hilo. Mteja alitaka herufi zinazoonekana, na mara nyingi mteja huyo naye hakuwa na uwezo wa kuzisahihisha.

Hakubagua kazi. Inakumbukwa kwamba aliona fahari ileile katika kupaka chokaa ukuta na kuandika namba ya nyumba kama katika kuchora picha ya meza nzima ya wageni. Aliamini kwamba asiyeanza na kazi ndogo hatapewa kubwa.

Kitu kilichomtenga na mafundi wengine kilikuwa kitambaa alichochorea. Wachoraji waliosoma walitumia turubai iliyopakwa rangi nyeupe kwanza. Pirosmani alichora zaidi juu ya kitambaa cheusi kilichopakwa mafuta ili kisipitishe maji. Mara nyingine alitumia kadibodi au bati.

Weusi huo haukuwa kasoro ya kufichwa. Aliuacha ufanye kazi. Palipohitajika nywele nyeusi, mwili wa fahali au anga la usiku, aliacha kitambaa kama kilivyo, akapaka rangi pembeni tu. Kwa njia hii alitumia rangi kidogo na kumaliza upesi, jambo la maana kwa mtu ambaye kila brashi ya rangi ilimgharimu. Lakini palepale alipata mwanga wa ajabu: nyuso na mikono hujitokeza kutoka gizani mithili ya watu walioketi karibu na taa.

Je, mawazo yake aliyatoa wapi? Sehemu kubwa ilitoka katika kumbukumbu za Mirzaani: mavuno ya zabibu, mama anayekamua ng'ombe, mvulana juu ya punda, karamu chini ya mti. Mvuvi wake wa shati jekundu na bawabu wake mwenye rungu ni watu ambao alikutana nao barabarani.

Nyingine zilitokana na picha zilizochapishwa. Malkia Tamar, mtawala wa Georgia wa kale, na mshairi Rustaveli aliwachora kwa kufuata sura zao zilizosambaa wakati huo, kwa sababu wenye vilabu walipenda kuwa na mashujaa hao ukutani.

Na nyingine zilikuwa amri za mteja. Inasimuliwa kwamba alilalamika kwa upole kuhusu wenye vilabu waliotaka sungura aongezwe mahali pasipomhitaji sungura. Hakuona faida yake, lakini alimchora kwa heshima ya mwenye nyumba. Fundi yeyote aliyewahi kufanya kazi kwa kuagizwa atakubali kwamba hapo Pirosmani alisema kweli tupu.

Mnyama mmoja aliyemchora anastahili kutajwa kwa wasomaji wa pande zetu, naye ni twiga. Hakuna twiga wa mwituni katika Georgia, na Pirosmani hakuwahi kukanyaga Afrika. Aliyezoea kuwaona twiga katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi atatambua mara moja kwamba madoa yake yamekaa ovyo na rangi yake si ile tunayoijua. Hata hivyo, macho ya mnyama huyo yana huzuni na uangalifu wa binadamu. Macho ya namna hiyo aliwapa wanyama wake wengi, awe paa, dubu au mwanakondoo wa Pasaka.

Sasa tuje kwenye hadithi ya maua. Yadaiwa kwamba Pirosmani alimpenda mwigizaji wa Kifaransa aliyeitwa Margarita, aliyefika Tiflis kutumbuiza. Basi akauza duka lake na kila alichokuwa nacho, akanunua maua ya jiji zima na kuyamwaga mbele ya hoteli alimolala bibi huyo. Bibi akampa busu moja, kisha akaondoka na tajiri.

Hadithi hiyo ilisambazwa na mwandishi Mrusi Konstantin Paustovsky, na mwaka wa 1982 mwimbaji Alla Pugacheva akaitia katika wimbo uliopendwa kote katika Muungano wa Kisovieti.

Picha ya Margarita ipo kweli. Amevaa gauni jeupe, ameshika shada la maua, na kwa kawaida inakadiriwa kuwa ya mwaka wa 1909. Lakini wakati huo duka la maziwa lilikuwa limekwisha kutoka mikononi mwa Pirosmani kwa miaka kadhaa. Mtu anayelala chini ya ngazi ya kilabu hana duka la kuuza. Huenda alimpenda mwanamke huyo. Kwamba alifilisika kwa ajili yake ni jambo gumu kuamini.

Ukweli ni kwamba umaskini wake ulikuwa wa polepole, usio na nyimbo. Alivaa koti la mtindo wa Kizungu na kofia laini, nguo zilizochakaa lakini zilizovaliwa kwa adabu. Watu wa vilabuni walimpachika jina la cheo cha ukabaila, kwa sababu alijitenga na kutembea kama bwana mkubwa. Wenye vilabu kadhaa walimhifadhi. Mmoja wao, Bego Iaksiev, alikaa naye kwa muda mrefu, na Pirosmani alimchora pamoja na marafiki zake wakiwa mezani.

Mambo yalianza kubadilika katika kiangazi cha 1912. Wasanii watatu vijana, ndugu wawili Kirill na Ilya Zdanevich pamoja na rafiki yao Mrusi, Mikhail Le-Dantyu, waliingia katika kilabu kilichoitwa Varyag. Ukutani walikuta picha ambazo hawakuwa wamewahi kuona mfano wake. Walipouliza aliyezichora, walitajiwa jina la Niko.

Walianza kumsaka mtaa kwa mtaa. Kila kilabu kiliwaelekeza kwingine, kwani Niko alikuwa mtu wa kuhamahama. Kirill aliandika baadaye katika kumbukumbu zake kwamba walipompata, alikuwa amesimama barabarani mbele ya ukuta, brashi mkononi, akiandika neno la duka la maziwa. Aligeuka, akawasalimu kwa staha, kisha akaendelea na herufi zake.

Ndugu hao hawakuishia kushangaa. Kirill alianza kununua na kukusanya picha hizo. Ilya alimwagizia Pirosmani picha yake mwenyewe, iliyochorwa kwa kufuata fotografia, na Februari 1913 alichapisha makala gazetini kuwaeleza watu wa Tiflis kwamba jiji lao lina mchoraji asiye wa kawaida.

Machi mwaka huohuo, picha kadhaa za Pirosmani zilipelekwa Moscow na kutundikwa katika maonyesho yaliyoitwa Shabaha. Hapo zilikaa bega kwa bega na kazi za Mikhail Larionov, Natalia Goncharova na Kazimir Malevich, vijana waliokuwa wakiipindua sanaa ya Urusi juu chini. Vijana hao walikuwa wakitafuta katika mabango ya barabarani nguvu ambayo vyuo viliikosa. Kwa mtazamo wao, mwandishi wa mabango kutoka Tiflis alikuwa ameshafika mahali ambapo wao walikuwa wakipatafuta.

Mwenyewe hakwenda Moscow. Alibaki Tiflis akiandika majina ya maduka.

Kisha vita vikazuka. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka wa 1914, serikali ya mfalme wa Urusi ilipiga marufuku uuzaji wa pombe. Sheria hiyo, iliyokusudiwa kuwaweka askari katika hali nzuri, iliwamaliza wenye vilabu. Na kilabu kikifungwa hakihitaji bango. Pirosmani, aliyekuwa amekaribia miaka 52, alipoteza waajiri wake karibu wote kwa mpigo. Wapo wanaoandika juu ya maisha yake bila kulitaja jambo hili hata kwa sentensi moja, wakaeleza njaa yake kwa maua ya Margarita.

Mei 5, 1916, Ilya Zdanevich alifungua maonyesho ya picha za Pirosmani katika karakana yake mjini Tiflis. Yalidumu siku moja tu. Ndiyo yaliyokuwa maonyesho yake ya pekee nyumbani, ya kwake peke yake, katika uhai wake.

Wakati huo kulikuwa kumeundwa Chama cha Wasanii wa Georgia, kikiongozwa na mchoraji Dimitri Shevardnadze. Chama hicho kilianza kumtafuta fundi huyo, na Mei 25, 1916, Pirosmani alihudhuria mkutano wao. Alikaa kimya muda mwingi, macho yakitazama mbele, kama mtu asiyeamini kwamba viti vile viliwekwa na kwa ajili yake pia.

Inakumbukwa kwamba jambo alilolizungumzia mbele ya wenzake lilikuwa nyumba. Alitamani wachoraji wajenge nyumba kubwa ya mbao katikati ya jiji, karibu na watu wote, wanunue meza kubwa na birika kubwa la chai, wawe wanakutana kunywa chai na kuzungumza habari za sanaa. Huyo alikuwa mtu asiye na chumba chake mwenyewe.

Chama kilimpa ruble 10. Kilimpeleka kupigwa picha, na fotografia hiyo ndiyo inayotumiwa sana hadi leo kumtambulisha: mzee mwenye ndevu, kichwa kimeinuka kidogo. Naye alikitolea chama zawadi ya picha yake ya harusi ya Kigeorgia ya zamani. Gazeti la Sakhalkho Purtseli lilichapisha sura yake, na kwa siku chache fundi huyo aliwaonyesha watu gazeti hilo kwa furaha.

Furaha hiyo haikufika mbali. Mnamo Julai 1916, gazeti hilohilo lilichapisha kibonzo. Kilimwonyesha Pirosmani kama mshamba amesimama mbele ya mkosoaji wa sanaa, naye mkosoaji akimshauri aende akasome kwanza, kwani baada ya miaka kumi au ishirini angeweza kuwa mchoraji mzuri, na hapo angeruhusiwa kuonyesha kazi zake pamoja na vijana wanaoanza. Pirosmani alikuwa na umri wa miaka 54.

Yawezekana kwamba mchora kibonzo alikusudia kuwacheka wakosoaji wenye majivuno, wala si fundi maskini. Sisi tunaofanya kazi magazetini tunajua jinsi mzaha ulivyo rahisi kuandaliwa jioni na jinsi usivyoweza kurudishwa asubuhi. Lakini aliyechekwa hakuupokea hivyo. Aliona kwamba waliomwalika kwenye meza yao walikuwa wamemwita ili wamcheke mbele ya jiji zima, na tena mbele ya wenye vilabu waliokuwa wateja wake.

Tangu siku hiyo aliwaepuka wasanii. Chama kilichangisha fedha za kumsaidia, na mchoraji kijana Lado Gudiashvili akatumwa kumtafuta. Alimpata mara moja katika kijumba duni na kumkabidhi msaada. Aliporudi tena baadaye hakumkuta, na waliokuwa jirani hawakujua alikoelekea.

Mwaka wa 1917 mfalme wa Urusi aliangushwa, na kufikia majira ya kuchipua ya 1918 Tiflis ilikuwa imefurika wakimbizi na askari waliotoka vitani. Chakula kilikuwa haba. Pirosmani aliishi katika chumba cha chini ya nyumba kwenye mtaa wa Molokanskaya, karibu na kituo cha reli.

Wakati wa Pasaka ya mwaka huo, fundi wa viatu aliyekuwa jirani yake, Archil Maisuradze, alishuka humo gizani na kusikia mtu akiugua. Alikuta Pirosmani amelala sakafuni, hajiwezi, wala hakumtambua jirani yake. Alikuwa amelala hapo kwa siku tatu. Alipakiwa kwenye gari la farasi na kupelekwa hospitalini, ambako aliaga dunia muda mfupi baadaye.

Alizikwa katika sehemu ya makaburi iliyotengewa maskini na wasio na jamaa. Kaburi lake halikutiwa alama, na hadi leo halijulikani lilipo. Wiki chache baada ya kifo chake, Mei 26, 1918, Georgia ilijitangazia uhuru.

Katika miaka ya 1920 washairi na wachoraji walirudi katika mitaa ileile kuwahoji wenye vilabu, wapishi na mafundi waliomfahamu. Mengi tunayoyajua kuhusu maisha yake yalikusanywa wakati huo kutoka kwa watu hao, na ndiyo sababu tarehe nyingi zinayumba. Kitabu cha kwanza juu yake kilitoka mwaka wa 1926, kikiwa na maandishi ya wasanii na washairi wa Georgia, akiwemo Titsian Tabidze.

Picha nyingi zilikuwa zimeshapotea. Vilabu vilivyobadilisha wenyewe vilipakwa chokaa, na michoro aliyoifanya moja kwa moja ukutani ikafunikwa. Zilizosalia ni takriban 200, na kusalia kwake kumetokana zaidi na ukaidi wa ndugu wa Zdanevich na wa Dimitri Shevardnadze, aliyezikusanya kwa ajili ya jumba la sanaa la taifa. Shevardnadze mwenyewe aliuawa na serikali ya Stalin mwaka wa 1937.

Mnamo 1969 picha za Pirosmani zilionyeshwa Paris. Miaka mitatu baadaye Ilya Zdanevich, ambaye wakati huo alikuwa mzee anayeishi Ufaransa, alichapisha tena maandishi yake ya ujanani kuhusu fundi huyo, na Pablo Picasso akamchorea picha ya Pirosmani ya kutia kitabuni.

Mwaka wa 2018 picha yake ya mwanamke wa Kigeorgia aliyejifunika kitambaa cha kichwani, ambayo iliwahi kumilikiwa na mwandishi wa Austria Stefan Zweig, iliuzwa kwenye mnada London kwa zaidi ya pauni milioni 2. Kuanzia Septemba 2023 hadi Januari 2024, makavazi ya Beyeler karibu na jiji la Basel, Uswisi, yalimwandalia maonyesho makubwa, na watu walipanga foleni kuziona karamu, paa na yule twiga.

Kati ya kazi zake zilizohifadhiwa kuna mabango machache, likiwemo lile la kilabu cha bia kilichoitwa Zakatala. Herufi zake bado zinasomeka.